Kalenga: Makao ya Vita ya Mkwawa na Upande wa Bondeni

Kati ya Mbingu na Kalenga pana mlima mmoja. Mkulima akiinua uso kutoka kwenye jaruba lake la mpunga, au akisimama kugeuza kakao aliyoianika juani, anaiona Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi, kijani mpaka mawinguni. Nyuma yake ndiko Uhehe. Kwa mstari ulionyooka hata kilomita mia hazifiki, ila basi halipandi huko. Msafiri wa Mbingu anayetaka kufika Kalenga huenda kwanza Ifakara, akapita Mang'ula na Kidatu hadi Mikumi, akaingia barabara kuu, akapita Ruaha Mbuyuni, akaupanda mlima Kitonga huku abiria wakinyamaza kila lori linapokata kona, akaziacha Ilula na Lugalo, akashuka Iringa mjini. Hapo ndipo hutafuta gari la kumfikisha Kalenga, kilomita kama 15 mbele, kwenye barabara iendayo Hifadhi ya Ruaha. Wapiganaji wa Kihehe wa karne ya 19 hawakuzunguka hivyo. Walishuka moja kwa moja.

Nimeanza na njia kwa makusudi. Makumbusho ya Mkwawa pale Kalenga yalitimiza miaka 70 mwaka 2024, na katika miaka yote hiyo yameelezwa kama jambo la Iringa: shujaa wa Iringa, fuvu la Iringa, fahari ya Iringa. Sisi wa Bonde la Kilombero tukienda tunakwenda kama wageni, tunalipa kiingilio, tunapiga picha, tunarudi. Ilhali vita vilivyoongozwa kutoka Kalenga vilitufikia. Vilichoma vijiji vya bondeni kabla Mjerumani hajaonekana huku, na Mjerumani alipokuja, watu wa bondeni walikuwa na sababu zao za kumpokea. Historia ya taasisi ile haikamiliki bila upande huu.

Kwanza, ni mahali gani hasa? Kalenga ilikuwa makao makuu ya vita. Leo mgeni anakuta kijiji cha kawaida kando ya Mto Ruaha Mdogo, nyumba za matofali, mashamba ya mahindi na bustani za mboga, na katikati yake nyumba ndogo ya makumbusho. Ndani mna mikuki, ngao, marungu, vyombo vya nyumbani na bunduki, na kwenye kisanduku cha kioo limewekwa fuvu. Hatua kadhaa kutoka hapo yako makaburi ya watwa, yaani watawala wa Kihehe, waliofuata, Sapi Mkwawa na mwanawe Adam Sapi Mkwawa. Lipo pia jiwe la kumbukumbu la ofisa wa Kijerumani, Erich Maass, aliyeuawa pale siku ngome ilipovunjwa. Ukuta wenyewe umebaki vipande. Asiyeonyeshwa anaweza kuupita akidhani ni kichuguu kilicholala.

Wenye bahati ya kufika London wanaweza kulinganisha. Chini ya jengo la serikali eneo la Whitehall, karibu na Bunge la Uingereza, kuna vyumba ambamo Winston Churchill na majenerali wake waliendeshea Vita vya Pili vya Dunia. Vilianza kutumika tarehe 27 Agosti 1939, wiki moja kabla ya vita kutangazwa, vikafungwa tarehe 16 Agosti 1945. Siku hiyo taa za chumba cha ramani zilizimwa, watu wakaenda zao, na chumba kikabaki kama kilivyoachwa, pini zikiwa bado zimechomekwa kwenye ramani. Baadaye hata vipande vya sukari vya mgawo vya ofisa mmoja vilikutwa ndani ya bahasha kwenye mtoto wa meza. Mwaka 1984 vyumba vikafunguliwa kwa umma. Mtalii anaingia anaona kitanda cha kiongozi, simu yake na meza yake.

Kalenga haina kitanda wala meza ya kiongozi, na haikusahauliwa kwa bahati mbaya. Makao ya aliyeshinda hufungwa kwa ufunguo. Haya yalipigwa mizinga, yakatekwa, vitu vyake vikabebwa, na mji wa utawala ukahamishiwa juu ya kilima kingine ambako mshindi alijenga boma lake. Kwa hiyo historia ya makumbusho ya Kalenga ni historia ya watu kujaribu kukirudisha kile kilichobebwa, kimoja kimoja, kwa miaka zaidi ya mia.

Ngome ile iliitwa Lipuli, jina ambalo leo vijana wanalijua zaidi kwa timu ya mpira ya Iringa. Aliyeijenga ni Mkwavinyika, mwana wa Munyigumba wa ukoo wa Muyinga, tunayemwita Mkwawa. Baba yake alizikusanya himaya ndogondogo za nyanda za juu zikawa dola moja, akafariki mwishoni mwa miaka ya 1870. Mwana hakurithi kwa utulivu. Alipigania kiti chake kwa damu kabla hajakikalia. Alipokwisha kukikalia akaanza kupanua. Alipigana na Wangoni, na Wasangu wa Merere, akazitia mkononi njia za misafara ya pembe, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1880 akaizungushia Kalenga ukuta wa mawe na udongo, kimo chake zaidi ya mara mbili ya mtu. Ndani ziliwekwa baruti, pembe za ndovu na mifugo. Kutoka pale alituma amri kwa wanzagila wake, wakuu wa wilaya, na kutoka pale majeshi yalitoka yakarudi na ng'ombe na mateka.

Mateka hao walitoka wapi? Baadhi yao walitoka kwetu. Hapo nitarudi.

Mwaka 1891 Wajerumani walimtuma Emil von Zelewski, ambaye watu wa pwani walimbandika jina la Nyundo, aende kumtia adabu Mkwawa. Alikuwa na maofisa wa Kizungu, askari wa Kiafrika wa kukodi na wapagazi, wamepangana mstari mrefu katika vichaka vya Lugalo. Asubuhi ya tarehe 17 Agosti wapiganaji wa Kihehe, wakiongozwa na Mpangile, ndugu yake Mkwawa, walikuwa wamejibanza pembeni mwa njia. Husimuliwa kwamba ofisa mmoja alimfyatulia risasi ndege, na wapiganaji wakaudhani mlio ule ndiyo ishara waliyoisubiri. Mapambano yalikwisha kwa dakika chache. Walikufa Wajerumani 10, Zelewski akiwa mmojawapo, pamoja na askari wapatao 250 na wapagazi wengi. Inasemekana aliyemchoma Nyundo mkuki alikuwa kijana wa miaka 16, na zawadi yake ilikuwa ng'ombe watatu. Bunduki zipatazo mia tatu na mizinga mitatu vikaingia Kalenga.

Leo ukipita Lugalo kwa basi, mnara ulio karibu na barabara ni wa kuwakumbuka Wajerumani. Waliojengewa mnara ni walioshindwa siku ile, kwa kuwa mwishowe walishinda vita. Sisi jina la Lugalo tulilipa heshima kwingine: kambi ya jeshi na hospitali ya jeshi jijini Dar es Salaam zinaitwa Lugalo, na maelfu ya wagonjwa hulitaja kila wiki bila kujua limetoka kwenye vichaka vipi.

Mkwawa alikuwa na miaka mitatu ya kujiandaa, na nadhani aliitumia vibaya. Aliuamini ukuta. Ukuta ule ulifaa kumzuia adui wa mkuki na gobore, na Wangoni wasingeuvuka. Lakini ulikuwa mrefu kupita watu wa kuulinda, na kwa mizinga mipya ulikuwa shabaha isiyosogea. Watu waliowamaliza Wajerumani kwa kujificha vichakani walijifungia mahali ambapo kila mtu alipajua. Oktoba 1894 gavana Friedrich von Schele alifika mwenyewe na jeshi kubwa. Wenyeji hukuonyesha vilima ambako mizinga iliwekwa. Ngome ilipigwa kwa siku mbili, na alfajiri ya tarehe 30 Oktoba askari wakaparamia ukuta. Mmoja wa walioongoza ni Tom von Prince, ambaye askari walimwita Bwana Sakarani, na ambaye miaka 20 baadaye angeuawa kwenye vita vya Tanga. Walipigana nyumba kwa nyumba. Mkwawa alitoka.

Kuanzia hapo makao ya vita yalikuwa popote alipolala. Kwa miaka karibu minne alihamahama kwenye misitu na mapango ya nchi yake, na Udzungwa ilikuwa mojawapo ya maficho yake, mlima huuhuu ambao upande wake wa mashariki unatiririsha mito yetu. Prince alijenga Iringa mpya mwaka 1896 na kuanza kuwabana watu wasimpe chakula. Zawadi ya rupia 5,000 ikatangazwa kwa kichwa chake, fedha ambazo mtu wa kawaida asingeziona maishani, na bado watu walimlisha na hakuna aliyemtoa. Mpangile, yule wa Lugalo, alisimikwa na Wajerumani kuwa mtwa mwishoni mwa 1896. Mapema mwaka uliofuata walimnyonga, wakimshuku kwamba anamsaidia ndugu yake.

Mwisho ulikuwa Mlambalasi, umbali wa kama kilomita 50 kutoka Iringa kwa njia ya Ruaha. Hapo pana mwamba mkubwa wenye pango chini yake, na ndiyo sababu wanaakiolojia nao wanapapenda: Paul Msemwa wa Makumbusho ya Taifa alichimba hapo mwaka 2002, na baadaye timu ya Pamela Willoughby kutoka Kanada, wakakuta mifupa ya watu waliozikwa zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Mkwawa hakuwa wa kwanza kutafuta hifadhi chini ya jiwe lile. Tarehe 19 Julai 1898 kikosi cha sajini Merkl kilifuata nyayo, kikasikia mlio wa bunduki, kikanyemelea na kuona watu wawili wamelala. Merkl akapiga risasi. Walikuwa wamekwisha kufa. Mkwawa alikuwa amejiua, akiwa mgonjwa na akiwa na kijana mmoja tu wa kumtumikia, ambaye naye alilala maiti ubavuni. Kichwa kikakatwa, kikapelekwa Iringa. Magdalene von Prince, mke wa Tom, aliyekuwa akiishi pale bomani, aliyaandika mambo ya siku zile katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1903. Mwili ulizikwa Mlambalasi, na kaburi lipo. Kwa hiyo anayetaka kumzuru Mkwawa hana budi kwenda mahali pawili.

Kinachofuata ni kisa kisicho cha kawaida katika historia ya makumbusho yoyote. Mwaka 1918 H. A. Byatt, aliyekuwa anaitawala nchi hii kwa niaba ya Waingereza baada ya Wajerumani kuondolewa, alishauri kwamba fuvu lirudishwe. Wahehe walikuwa wamewasaidia Waingereza vitani, na zawadi kama ile ingewaonyesha watu kwamba Mjerumani amekwisha kabisa. Shauri likasafiri mpaka kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919. Ibara ya 246 iliiagiza Ujerumani itimize mambo mawili ndani ya miezi sita: imrudishie Mfalme wa Hijazi msahafu wa Khalifa Uthman, na iikabidhi serikali ya Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa. Mkataba uliogawa Ulaya upya ulikuwa na mstari wa kichwa cha mtu wa Kalenga.

Miezi sita ilipita. Wajerumani walisema hawalijui lilipo. Mwaka 1921 Churchill huyuhuyu wa vyumba vya chini alikuwa Waziri wa Makoloni, Tanganyika ikiwa chini ya ofisi yake, na fuvu halikuja. Zikaja enzi za gavana Cameron na utawala kupitia machifu, Sapi mwana wa Mkwawa akapewa kiti cha baba yake, baadaye akaondolewa, na mwaka 1940 akakalia mwanawe Adam Sapi akiwa kijana wa miaka 20. Fuvu bado.

Aliyelifufua jambo ni gavana Edward Twining. Mwaka 1953 alifika katika makumbusho ya Bremen, Ujerumani, ambako kulikuwa na mafuvu yapatayo 2,000 yaliyokusanywa ulimwenguni, na kati yake 84 yalitoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Yakapimwa. Vipimo vikalinganishwa na vya ndugu wa Mkwawa walio hai, yakabaki machache, na katika machache hayo moja lilikuwa na tundu la risasi. Twining akaamua kwamba ndilo. Katikati ya mwaka 1954 lilirudishwa Uhehe kwa sherehe kubwa, likakabidhiwa Adam Sapi mbele ya umati, na nyumba ya kulihifadhi ikawa chanzo cha makumbusho tunayoyazungumzia. Waziri Mkuu wa Uingereza wakati huo alikuwa, kwa mara ya pili, Churchill.

Tusijidanganye kuhusu nia ya gavana. Kenya ilikuwa kwenye hali ya hatari tangu Oktoba 1952, Mau Mau wakiwa msituni, na Twining alitaka machifu wenye nguvu watakaosimama na serikali. Kumrudishia chifu fuvu la babu yake kulikuwa siasa. Mwaka huohuo, tarehe 7 Julai, ilizaliwa TANU. Na Adam Sapi hakubaki kuwa chifu wa gavana. Mwaka 1962 alichaguliwa kuwa Spika wa Bunge, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho, mwaka uliofuata Bunge likafuta utawala wa machifu, na yeye akaendelea kuongoza vikao, pamoja na kipindi kifupi cha kupumzika, hadi 1994. Mjukuu wa aliyepigana na dola akawa mlinzi wa kanuni za dola nyingine. Alizikwa Kalenga mwaka 1999.

Taifa jipya lilimhitaji Mkwawa. Jina lake likapewa shule maarufu ya sekondari, ambayo tangu 2005 ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa. Akaingia vitabu vya darasa la historia, na vizazi vya watoto wa Ifakara, Mbingu na Mlimba vimejibu kwenye mtihani kwamba Mkwawa aliwapinga wakoloni kishujaa. Tukapewa alama zetu. Hakuna mwalimu aliyetuuliza babu zetu walikuwa wapi siku hizo.

Sasa fuvu lenyewe. Lisogelee. Ni dogo kuliko unavyotazamia kwa jina lile, rangi ya udongo mkavu, na tundu linaonekana bila kuonyeshwa. Watoto wa shule hubanana mbele ya kioo, wa mbele wakinyamaza, wa nyuma wakisukumana. Walinzi wa historia wanaeleza kwa heshima. Lakini wasomi wana mashaka, na mashaka yao ni ya haki. Mwaka 2020 watafiti Bettina Brockmeyer, Frank Edward na Holger Stoecker walichapisha uchunguzi mrefu juu ya safari ya fuvu hili na siasa zilizolizunguka, na mtu akiusoma hawezi tena kusema kwa uhakika kwamba Twining alichagua sawasawa. Tundu la risasi ni la kawaida kwenye mafuvu yaliyotoka vitani. Kipimo cha upana wa kichwa hakimtambulishi mtu.

Wapo wanaoona kuulizia jambo hili ni kuwavunjia Wahehe heshima. Mimi naona kinyume. Kama si la Mkwawa, ni la nani? Ni mmoja wa watu 84 wa nchi zetu ambao vichwa vyao vilikuwa Bremen, mtu aliyekuwa na mama, aliyekufa kwa risasi au ambaye mwili wake ulipigwa risasi, na ambaye kwa miaka 70 ameheshimiwa kwa jina la mwingine. Huyo naye anastahili swali. Njia ya kuuliza ipo: mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba imechunguza mafuvu zaidi ya 1,100 kutoka Afrika Mashariki, na kwa vipimo vya vinasaba wakapatikana Watanzania walio hai ambao ni ndugu wa baadhi ya marehemu hao. Novemba mwaka huohuo Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea, kwenye makumbusho ya Maji Maji, akaomba radhi kwa yaliyotendwa. Ukoo wa Mkwawa ukitaka kipimo, kinawezekana. Usipotaka, ni haki yao. Fuvu lile limekwisha kufanya kazi ya kumbukumbu, liwe la nani.

Nilisema nitarudi kwenye mateka.

Bonde la Kilombero, ambalo zamani watu waliliita Ulanga kwa jina la mto, halikuwa tupu. Wandamba walikuwa wavuvi na wakulima wa mpunga wa mafurikoni. Wambunga walikuwa wamekaa upande wa Ifakara baada ya misukosuko ya Wangoni. Na Wabena wa Mtengera walikuwa wameshuka kutoka nyanda za juu baada ya kupigwa na Munyigumba, baba yake Mkwawa, wakajenga Utengule humuhumu bondeni. Yaani kuna jamii nzima iliyo jirani na Mbingu kwa sababu ya vita vya Wahehe. Wahehe walishuka kwa vipindi, wakachukua ng'ombe, mpunga, wanawake na vijana. Wazee wa mtoni husimulia jinsi watu walivyoingia mitumbwini na kujificha kwenye visiwa vya matete mpaka wapiganaji wapande tena mlimani. Mtu wa nyanda za juu hajui kuogelea, husema, wakicheka kidogo.

Kwa hiyo Wajerumani walipomtafuta rafiki wa kumzunguka Mkwawa, walimpata Kiwanga, mtema wa Wabena wa bondeni. Upande wa Usangu walimpata Merere. Wote wawili walikwisha kuumizwa na Kalenga. Kiwanga aliwapa Wajerumani watu na njia, na hata mwaka 1905, Wapogoro na Wambunga walipolivamia boma la Mahenge tarehe 30 Agosti wakati wa Maji Maji, yeye alibaki na Mjerumani.

Kwenye mazungumzo ya vijiweni Kiwanga huitwa msaliti, haraka sana. Nadhani tumwache apumue. Mwaka 1905, miaka 14 baada ya Lugalo, Wahehe wenyewe kwa sehemu kubwa hawakuingia Maji Maji. Wapo waliopigana upande wa serikali. Hatuwaiti wasaliti, na tusiwaite. Walikuwa wamepoteza watu wengi mno na walijua mzinga unafanya nini. Kila mmoja alipima adui aliyemwona mlangoni kwake. Mtu wa Utengule wa mwaka 1894 hakuwa na Tanzania ya kuisaliti. Alikuwa na ghala lililochomwa na binti aliyechukuliwa, na aliyemchukua hakuwa Mzungu. Hilo halimpunguzii Mkwawa ujasiri wake. Linampunguzia utakatifu tu, na kiongozi wa vita hahitaji kuwa mtakatifu ili akumbukwe.

Upande huu umeandikwa, ila si kwa Kiswahili na si mahali ambapo mtoto wa Mbingu anaweza kuusoma. Alison Redmayne, aliyeishi miongoni mwa Wahehe, alichapisha makala yake juu ya Mkwawa na vita vya Wahehe mwaka 1968. Mwaka 1935 A. T. na G. M. Culwick walitoa kitabu juu ya Wabena wa bondeni, chenye sura iliyoandikwa na mtema Towegale Kiwanga. Ni jambo la kutia moyo kwamba mtawala wa bondeni alishika kalamu mapema hivyo. Ni jambo la kusikitisha kwamba maandishi hayo yako kwenye maktaba za mbali kuliko Kalenga yenyewe.

Tangu 2016 mjini Iringa kuna makumbusho mengine, ndani ya boma la Wajerumani, ambayo yamejitahidi kuonyesha tamaduni za watu wote wa mkoa. Ni hatua nzuri. Lakini mpaka wa mkoa hautusaidii, kwa sababu Mkwawa hakuujua. Kilombero ni Morogoro kwenye ramani na ni Uhehe kwenye kumbukumbu.

Ombi langu kwa wanaosimamia Kalenga ni dogo. Wekeni ubao mmoja, kwa Kiswahili, unaoeleza majeshi ya Lipuli yalikwenda wapi na yalirudi na nani. Tajeni Utengule, tajeni Ifakara, tajeni Kiwanga na Merere bila matusi. Elezeni kwa uwazi fuvu lilivyochaguliwa, tarakimu zote, ili mgeni aamue mwenyewe. Na kwa walimu wa historia wa Mbingu, Chita na Mlimba: kabla ya kupanga safari ya wanafunzi kwenda Iringa, wapeni kazi ya nyumbani. Kila mmoja amwulize bibi au babu yake ukoo wao ulifikaje bondeni, aandike majina na vijiji, aje na karatasi hiyo Kalenga na kumwachia mhifadhi nakala. Waliosikia habari hizo kwa watu waliozaliwa kabla ya 1900 wamebaki wachache sana, na hawatapanda basi kwenda Kitonga kuzisimulia.